Msumari, Dhahabu na Kimya cha Detekta

Kizibo cha soda kina uzito wa gramu mbili na kitu. Ukikifukua kwenye changarawe nyekundu iliyokauka, baada ya robo saa ya sururu na jasho, utakichukia kuliko wembe, kuliko msumari, kuliko kipande cha bati. Cha pili kinaudhi zaidi. Kufika cha kumi, kidole kinaanza kwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuchuja, kile kinachoiamuru detekta, mashine ya kusaka metali, ikinyamazie chuma. Ukibonyeza, uwanja mzima unatulia: misumari, waya, kokoto nyeusi, vyote kimya. Halafu kizibo kingine kinalia palepale kwa sauti tamu kama ya dhahabu. Hayo tutayafikia.

Kwa anayesaka dhahabu Chunya, Geita au Migori, swali linalofuata utulivu huo ni la pesa: kimya hiki nimekilipia sentimita ngapi za kina? Majibu utakayopewa ni mawili, na kila mmoja analo jibu lake tayari kabla hujamaliza kuuliza. Wapo wanaoapa kwamba kichujio kinakula nusu ya kina, na kwamba mwenye akili hakiwashi hata siku moja. Wapo wanaosema hakili chochote, nao wako radhi kukuonyesha papo hapo. Wanaivua pete, wanaipunga mbele ya koili, kwanza kichujio kikiwa kimezimwa, kisha kikiwa kimewashwa, na pete inasikika kwa umbali uleule. Kambi zote mbili zina ushahidi, ndiyo maana ubishi hauishi.

Kosa lao ni moja. Wote wanadhani detekta ina mpaka mmoja wa kina, na kwamba kichujio ama kinausogeza ama hakiusogezi. Mipaka ni miwili. Upo umbali ambao mashine bado inasikia kwamba chini kuna kitu, na upo umbali ambao bado inaweza kutambua kitu hicho ni nini. Huu wa pili ni mfupi kuliko ule wa kwanza, wakati mwingine kwa kidogo, wakati mwingine kwa mbali sana, na kichujio kinaishi ndani ya huu wa pili. Hakiwezi kuchuja kisichotambua. Kikijaribu, kinakisia, na kikikisia vibaya kinanyamaza.

Koili inayopungwa juu ya ardhi hutoa uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukipita kwenye metali, unazua ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo inarudisha uga wake dhaifu ambao mashine huupokea kama mwangwi. Mwangwi una sifa mbili. Ya kwanza ni nguvu yake. Ya pili ni kuchelewa kwake. Sarafu nene ya fedha, ambayo mikondo yake hudumu, hurudisha mwangwi uliochelewa sana. Karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, ambayo mikondo yake hufa upesi, hurudisha uliochelewa kidogo tu. Chuma kina tabia ya ziada: kinashika sumaku, kwa hiyo mwangwi wake huegemea upande mwingine kabisa wa kipimo. Nguvu inasema kipo kitu. Kuchelewa kunasema ni kitu gani. Kichujio hutoa hukumu yake kwa kuchelewa.

Sasa tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii peke yake inaua nusu ya ubishi. Kwa shabaha iliyo mbali kuliko upana wa koili, nguvu ya uga hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukizidisha umbali mara mbili, kinachofika ni sehemu moja ya nane. Mwangwi nao, ukirudi, unapungua vivyo hivyo. Kwenda na kurudi, sehemu moja ya nane ya sehemu moja ya nane, ni moja ya 64. Kwa koili ndogo, kipande cha dhahabu kilicho sentimita 30 chini kinarudisha mwangwi ulio dhaifu mara 64 kuliko kama kingekuwa sentimita 15.

Sheria hii ni katili kwa anayetaka kwenda chini zaidi, lakini ina upande wa huruma. Ukiipunguzia mashine nusu ya usikivu wake, hupotezi nusu ya kina. Kina cha sentimita 30 kinakuwa karibu 27. Ukiipunguzia robo tatu, unabaki na 24. Hata ukiinyang'anya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu, bado ina sentimita 20. Kwa hiyo anayedai kichujio kimekula nusu ya kina kwa kuidhoofisha mashine anadai, bila kujua, kwamba kimetupa sehemu 63 kati ya 64 za mwangwi. Hakuna fundi anayeweza kutengeneza kichujio kibovu kiasi hicho akapata wa kukinunua. Lakini mtu aliyepoteza nusu ya kina chake si mwongo. Amekipoteza kweli, ila kwa njia nyingine.

Kabla ya njia hiyo, tuwatendee haki wazee. Katika detekta za zamani, zile zenye swichi ya kuzungusha na zisizo na kompyuta ndani, kichujio kweli kilikuwa kinapunguza nguvu. Kuzungusha swichi kulikuwa ni kusogeza mpaka wa kuchelewa ambao chini yake mashine haitoi sauti, na shabaha iliyo juu ya mpaka ilisikika kwa kadiri ilivyokuwa mbali na mpaka huo. Kwa lugha ya darasani, kilichobaki ni saini (sine) ya pembe iliyo kati ya shabaha na mpaka. Shabaha iliyo nyuzi 30 juu ya mpaka inabaki na nusu ya nguvu. Kwa kanuni ile ya kwenda na kurudi, hasara ni asilimia 11 ya kina. Iliyo nyuzi 10 tu juu ya mpaka inabaki na asilimia 17 ya nguvu, na kina kinashuka kwa robo: 30 inakuwa 22. Mtu aliyejifunza kazi kwa mashine hizo aliona kwa macho yake kwamba kadiri unavyozungusha swichi ndivyo vitu vya chini vinavyofifia, hasa vile vilivyo karibu na mpaka. Dhahabu ndogo huwa karibu na mpaka siku zote. Usia wake kwa wanafunzi wake ulikuwa sahihi kwa mashine yake.

Mashine za leo hazifanyi hivyo. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayopokea mwangwi wote bila kupunguza kitu, inapima kuchelewa, inaugeuza kuwa namba kwenye kioo, kisha inatazama orodha uliyoipanga: namba hizi zipige kelele, zile zinyamaze. Kichujio kimekuwa bawabu wa spika. Ndiyo maana pete inayopungwa hewani haipungui umbali. Hewani namba yake haitikisiki, bawabu anaitambua kila inapopita, na anaifungulia mlango. Jaribio lile la kambi ya pili ni la kweli kabisa. Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu anayechimba dhahabu hewani.

Udongo ndio unaobadilisha kila kitu, na udongo wa ukanda wetu wa dhahabu hauna masihara. Geita, sehemu kubwa ya dhahabu inakaa ndani ya miamba ya chuma yenye mistari-mistari, miamba iliyojaa magnetaiti kiasi kwamba wataalamu wa miamba huitafuta kwa kupima sumaku kutoka angani. Mvua na jua vya miaka isiyohesabika vimeimomonyoa ikawa changarawe nyeusi na udongo mwekundu. Pitisha sumaku ya spika iliyoharibika juu ya mchanga wa mto katika nchi hiyo uone inavyoota ndevu. Kwa detekta, udongo wa namna hiyo ni kitu kimoja kikubwa kinachofanana na chuma, kinachorudisha mwangwi wenye nguvu mamia ya mara kuliko punje ya dhahabu iliyojificha ndani yake.

Mashine inaweza kujikinga, kwa sababu mwangwi wa magnetaiti huegemea karibu wote upande mmoja. Fundi anaielekeza mashine isikilize upande ule ambao udongo hausemi, na huko ndiko kunakoitwa kusawazisha udongo. Chukua mtu aliyesimama kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe, ikinguruma, naye ameziba kwa kiganja sikio lililoelekea karasha. Kwa sikio lile jingine anaweza kusikia kwamba kuna mtu anaita. Lakini tumwambie atambue nani anaita na yuko upande gani: anahitaji masikio yote mawili. Akiondoa kiganja, karasha inaingia.

Hapo ndipo mipaka miwili inapoachana. Kusikia kwamba kipo kitu kunahitaji upande mmoja tu wa mwangwi, ule uliotulia. Kutambua kunahitaji pande zote mbili, kwa sababu kuchelewa hakupimwi ila kwa kulinganisha upande mmoja na mwingine, na upande wa pili umejaa kelele za udongo. Watengenezaji wanapunguza kelele hizo kwa kudhani kwamba udongo hubadilika taratibu na shabaha hubadilika ghafla, ndiyo maana detekta nyingi zenye kichujio zinataka koili iwe inapungwa wakati wote, ikisimama, inanyamaza. Dhana hiyo inasaidia, lakini udongo haujasaini mkataba. Kuna kokoto za chuma, kuna kichuguu, kuna shimo la kwato ya ng'ombe lililofanya koili ishuke sentimita mbili. Kila kimoja ni badiliko la ghafla.

Matokeo yake ni ya kusikitisha kwa mwenye dhahabu. Kipande kilicho karibu na uso, mwangwi wake unaushinda udongo na namba yake inatulia. Kilicho chini, mwangwi wake unachanganyika na mabaki ya udongo, na kwa kuwa udongo unaegemea upande wa chuma, jumla yao nayo inaegemea upande wa chuma. Namba inaanza kuyumba: mara dhahabu, mara msumari, mara kimya. Shuka zaidi kidogo na inakuwa msumari kila unapopitisha koili. Mashine inasikia bado! Ukizima kichujio, kuna mlio mdogo mnyonge, unaorudi kila unapopita. Ukiwasha, bawabu anatazama namba, anaona chuma, anafunga mlango. Hizo ndizo sentimita zilizopotea. Hazikupotea kwa sababu mashine imekuwa kiziwi. Ilisikia, ikakosea jina, kisha ikatii amri uliyoipa.

Ni sentimita ngapi? Inategemea nchi. Kwenye mchanga mweupe usio na magnetaiti, mipaka miwili inakaribiana na kambi ya pili inashinda. Kwenye mabaki ya miamba ya chuma inaweza kuachana vibaya, na mtu akasema nusu bila kutia chumvi. Ndiyo maana anayekupa namba moja kwa nchi nzima, hata kama ni muuzaji mwenye duka la kioo, asikilizwe kwa adabu tu.

Dhahabu ndogo ina mkosi wa pili. Dhahabu ni mpitishaji mzuri wa umeme, kwa hiyo mtu angetarajia ikae juu kwenye kipimo pamoja na fedha na shaba. Lakini kuchelewa hakutokani na aina ya metali peke yake, kunatokana pia na ukubwa na unene. Katika punje ya chini ya gramu moja mikondo hufa upesi, na punje inaangukia chini kabisa ya kipimo, jirani na karatasi ya sigara, hatua moja tu kabla ya chuma. Haihitaji kusukumwa sana na udongo ili ivuke mpaka. Sarafu nene ya fedha ina safari ndefu kabla ya kuitwa msumari. Punje inavuka kwa upepo.

Watengenezaji wamejaribu kuipa punje nafasi kwa kupandisha masafa. Detekta ya kawaida ya sarafu kama Garrett ACE 250 hufanya kazi kwenye kilohezi 6.5. Minelab Gold Monster 1000, ya wasaka dhahabu, iko kwenye 45, na Fisher Gold Bug 2 iko kwenye 71. Kadiri uga unavyogeuka haraka ndivyo punje inavyopata mikondo yenye nguvu na ndivyo inavyosogea mbali na mpaka wa chuma. Faida ni ya kweli, lakini masafa ya juu yanasisimua pia magnetaiti na kokoto za chuma, na kina kwa vipande vikubwa kinapungua. Aliyenunua mashine ya kilohezi 71 akategemea kupata donge chini ya nusu mita amenunua wavu wa dagaa kwenda kuvulia papa.

Njia nyingine ni kuachana na ubishi wa kutambua kabisa. Huko Australia, ambako udongo mwekundu ni sugu kama wetu, kampuni ya Minelab ya Adelaide ilitoa mwaka 1995 mashine ya SD2000 inayofanya kazi kwa mapigo. Badala ya uga unaogeuka bila kupumzika, mashine inapiga pigo la umeme, inakata, kisha inasikiliza jinsi mwangwi unavyokufa ndani ya sehemu chache za milioni za sekunde. Udongo na metali hufa kwa namna tofauti, na mashine inatoa udongo kwa kulinganisha mapigo marefu na mafupi. Inashuka chini sana katika udongo ambao mashine za kawaida zinachanganyikiwa. Lakini msumari na dhahabu, katika usikivu huo wa kufa, vinafanana mno. Baadhi ya mashine za ukoo huo zimewekewa kichujio cha chuma ambacho hufaa kwa vipande vikubwa vilivyo karibu na uso, basi. GPZ 7000, iliyotoka mwaka 2015, haina kichujio cha chuma kabisa. Watengenezaji hawakusahau. Walipolazimika kuchagua kati ya kina na jina la kitu, walichagua kina, na wateja wao wakakubali kuchimba misumari.

Baadhi ya watu wanalitazama hilo kama kushindwa. Mimi naliona kama ukweli ulioandikwa kwenye bei.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba chini kuna kitu kimoja kimoja. Nenda kwenye kambi za zamani za Lupa, ambako dhahabu imesakwa tangu miaka ya 1920, au Kakamega, iliyovamiwa na watafutaji miaka ya 1930, uone vizazi vilivyoacha makopo, misumari, waya na vyuma vya magari. Hapo adui mkubwa si kina. Ni jirani. Msumari uliolala kando ya punje unatoa mwangwi wake mkubwa, mashine inaamua "chuma", inanyamaza, na kabla haijarudi kwenye usikivu koili imekwisha kupita juu ya punje. Punje ilikuwa sentimita nane tu chini. Mtu anarudi nyumbani akisema eneo limekwisha, na eneo halijaguswa. Mashine ya Kifaransa ya XP Deus, iliyotoka mwaka 2009, ilijijengea jina Ulaya hasa kwa wepesi wa kurudi kwenye usikivu baada ya chuma, na wengi waliopita nayo kwenye mashamba yaliyodhaniwa yamekauka walirudi na sarafu. Hawakuwa wamepata kina zaidi. Walikuwa wamepata nafasi kati ya misumari.

Uingereza ndiyo nchi ambayo kuchuja kunaeleweka zaidi, kwa sababu mashamba yake yamelimwa na kufuliwa vyuma tangu enzi za Warumi, na kinachotafutwa mara nyingi ni sarafu za fedha na shaba, zilizo mbali na chuma kwenye kipimo. Mtu akichuja kidogo, hapotezi mengi. Hata hivyo huko huko ndiko kilikotokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Eric Lawes alikwenda shambani na detekta kumsaidia mkulima aliyepoteza nyundo. Alitafuta chuma. Alichokuta ni hazina ya Kirumi: sarafu za dhahabu na fedha karibu 15,000, pamoja na vijiko na vito. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na dhahabu iliyosababisha ifukuliwe.

Turudi kwenye kizibo. Kwa nini kichujio kinachonyamazisha msumari wa inchi nne kinakiachia kizibo cha bati kipige kelele? Kizibo ni chuma, lakini ni chuma kilichobanwa kikawa sahani nyembamba ya mviringo, na sahani ni umbo ambalo mikondo inalipenda: inazunguka pembeni bila kizuizi, na mwangwi wake unakuwa na nguvu na unachelewa kama wa sarafu. Ile tabia ya sumaku inashindwa nguvu. Sauti inapanda, namba inapanda, na mtu anachimba akitabasamu. Mashine zinazotumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja hulinganisha kizibo kwenye masafa ya chini na ya juu, zikagundua baadhi ya udanganyifu huo, si wote. Kichujio chenye nguvu ya kukizima kizibo kwa hakika kingezima pia sehemu kubwa ya vitu unavyovitafuta. Kwa maneno mengine, kichujio kinakosea pande zote mbili: dhahabu ya chini kinaiita chuma, na kizibo cha juu kinakiita dhahabu. Kosa la kwanza linakugharimu bila wewe kujua. La pili linakugharimu jasho, na jasho huonekana, ndiyo maana watu wanalilalamikia zaidi.

Pwani kuna habari nyingine, nami nitaipitia haraka. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mchanga uliolowa hurudisha mwangwi unaokaa karibu palepale pa karatasi ya sigara na dhahabu ndogo. Detekta ya masafa mamoja ikichujwa hadi bahari inyamaze, imezima pia pete nyembamba na mikufu. Anayetembea Coco Beach, Dar es Salaam, asubuhi baada ya sikukuu anatafuta vitu vya juu juu, hapotezi usingizi. Na usijaribu kupeleka mashine kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zingelia vizuri kwenye kichujio chochote, lakini mahali ni urithi wa dunia tangu 1981, na kufukua mambo ya kale bila kibali ni kosa la jinai.

Kuna watu ambao hawana anasa ya kubishana haya yote, nao ni wategua mabomu ya kutegwa ardhini. Mabomu mengi ya plastiki yana chuma kidogo kama sindano. Kichujio kikikosea, hasara yake ni mguu wa mtu, si punje. Kwa hiyo wategua mabomu hawachuji: kila mlio unasimamisha kazi, unapigwa alama, unachokonolewa taratibu, hata kama mia ya kwanza ni makopo na maganda ya risasi. Kazi inakwenda kwa mwendo wa konokono, si kwa sababu mashine haisikii, bali kwa sababu inasikia kila kitu.

Jibu lililobuniwa kwa tatizo hilo lina makao yake Morogoro. Shirika la APOPO, likiwa pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limefundisha panya buku kunusa baruti badala ya chuma. Panya hajali msumari wala kizibo, kwa sababu hatafuti metali kabisa. Anatafuta kile kilicho ndani ya bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi, wakati mtu mwenye detekta anaweza kuchukua hadi siku nne. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, iliyotangazwa kuwa imesafishwa mabomu mwaka 2015, na Kambodia, ambako mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 na mwaka 2020 akavikwa medali ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama. Ndiyo suluhisho safi kuliko yote la ubishi wetu: kama ishara uliyonayo haiwezi kutenganisha unachotaka na usichotaka, tafuta ishara nyingine. Bahati mbaya dhahabu haina harufu.

Basi mwenye detekta afanye nini? Mimi sikubaliani na wale wanaokataza kichujio moja kwa moja. Siku moja ya kazi ina mashimo mangapi? Kama ardhi ni ngumu na kila shimo la maana linakula dakika kumi, saa sita ni mashimo 36, usihesabu maji wala kivuli. Kwenye kambi ya zamani iliyojaa misumari, mtu asiyechuja kabisa atayamaliza mashimo yake 36 kwenye eneo la ukubwa wa chumba, na dhahabu yote ya upande wa pili wa mto itabaki haijaguswa. Kina ambacho hukufika kwa kukosa muda nacho ni kina kilichopotea. Lakini kwenye korongo safi, mbali na makazi, ambako milio ni michache, kuchuja ni kujiibia.

Tena kuna njia ya katikati ambayo wengi huiruka kwa sababu inahitaji uvumilivu. Mashine nyingi zinaweza kupangwa zisikinyamazie chuma, bali zikipigie sauti nyingine, mkoromo mzito badala ya kimya. Chuja kwa sikio, si kwa bawabu. Siku mbili tatu za kwanza kichwa kinauma. Baadaye sikio linaanza kutofautisha mkoromo wa msumari ulionyooka na mkoromo uliochanganyika, ule unaokatika katikati na kutoa mlio mdogo wa juu koili ikipita upande mmoja tu. Ule unachimbwa. Koili ndogo inasaidia hapo kuliko kitufe chochote, kwa sababu inaona eneo dogo na inatenganisha majirani, ijapokuwa inapoteza kina. Koili kubwa inafanya kinyume: inashuka zaidi lakini inakusanya msumari, punje na kokoto ndani ya mwangwi mmoja, na namba inayotoka hapo ni ya kubahatisha.

Na anayetaka kujua kichujio chake kinamla kiasi gani asitumie pete hewani, wala asizike sarafu asubuhi na kuitafuta mchana, kwa sababu udongo uliotifuliwa si udongo uliokaa. Atembee bila kichujio hadi apate mlio mnyonge unaorudi kila anapopita kutoka pande zote. Aweke alama. Awashe kichujio, apite tena, aone kama mashine bado inalia, inakatika, au imenyamaza. Kisha achimbe kwa tabaka, sentimita tano tano, na kila tabaka apitishe koili na kichujio kikiwa kimewashwa, akiangalia ni wakati gani mashine inabadili mawazo. Kitu kikitoka, apime shimo. Afanye hivyo kwa vitu kumi, vya thamani na vya takataka, aandike kwenye daftari palipokuwa na ukimya na palipokuwa na sauti. Tofauti kati ya kina cha kitu hicho na kina ambacho kichujio kilianza kukikubali ndiyo bei yake, kwa mashine hiyo, kwa koili hiyo, katika korongo hilo. Akivuka mto kwenda kwenye changarawe nyeusi, aanze daftari jipya.